Betri za Wakhungu Juu ya Mabati

Jirani yangu Wakhungu hufunga silingi za jipsam, zile dari nyeupe za kisasa, na usiku betri zake mbili hulala karibu na kichwa chake kuliko mkewe. Nasema hivyo hata mbele yake, kwa hiyo si umbea. Betri hizo ni za drili isiyotumia waya. Moja anaiita Kijana, kwa sababu bado ina nguvu. Nyingine ni Babu. Babu hukaa kwenye chaja mpaka taa ya kijani iwake, ukadhani amepona, lakini akifika kazini hufunga skrubu chache tu, akakohoa, akanyamaza.

Ukimuuliza kwa nini hamtupi Babu, atakwambia bei ya betri mpya inakaribia ya drili nzima. Kuazima nako hakuwezekani. Okoth, fundi wa madirisha hapa kwetu Noonkopir, Kitengela, ana betri nzuri kabisa, lakini drili yake ni ya kampuni nyingine na betri zake haziingii kwenye ya Wakhungu. Aliyepanga mambo hivyo ningependa kukutana naye, tuzungumze kidogo.

Basi mwaka huu Wakhungu alipata bahati. Mzee Kinyanjui, anayekaa Kajiado mjini na kujenga nyumba za kupangisha upande wa Korompoi, alimwambia, "Nifungie silingi ya sebule ya nyumba moja. Jumamosi nitakuja nione. Nikipenda, hizo zingine zote ni zako. Nisipopenda, niko na mafundi wa Nairobi wananisumbua kila siku."

Stima haijafika huko, kwa hiyo kazi yote ingetegemea Kijana na Babu. Shirleen, mke wa Wakhungu, alikuwa amejifungua juzi tu, na mumewe alikuwa amechoshwa na vibarua vya leo kupata, kesho kukosa. Aliitaka kazi hiyo mpaka nikamwonea huruma.

Wakati huohuo mama yake Shirleen akaja kutoka Bungoma kumwona mjukuu. Tulimwita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha yao. Kwao mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe, hawaketi chumba kimoja, hawapeani mkono, wala hawazungumzi uso kwa uso. Kwa hiyo Kukhu alilala kwangu, na mimi, Mkikuyu wa watu, nikawa mjumbe. "Mama Jackie, mwambie Mama chai iko tayari." "Mama Jackie, mwambie baba mtoto asante." Na ukuta kati ya nyumba zetu ni mabati matupu, wanasikiana vizuri kabisa!

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kukhu hakungoja kupewa. Ijumaa asubuhi alimsikia Wakhungu akinung'unika upande wa pili: "Hii betri imechoka. Haishiki chaji." Sasa, mtu wa umri wetu aliyekulia na redio anajua dawa ya betri iliyochoka. Unaianika juani, na jioni taarifa ya habari inasikika tena. Wakhungu alipotoka kununua skrubu, Kukhu alizichukua betri zote mbili, akazipangusa vumbi kwa leso, akazipanga juu ya mabati ya bafu, kando ya nepi za mtoto. Mimi nilimwona. Nikamshauri azigeuze saa sita, zipate jua pande zote.

Jua la Kitengela mnalijua. Wakhungu aliporudi, Babu alikuwa amevimba ubavu mmoja kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Kijana alikuwa wa moto, na alipowekwa kwenye chaja, ikawaka taa nyekundu tu. Fundi mwingine angetukana mpaka majirani watoke nje. Lakini utamtukana nani, na aliyefanya ni mama mkwe? Wakhungu alimchomoa Kijana kwenye chaja, akanigeukia.

"Mama Jackie," akasema kwa sauti nyembamba, "mwambie Mama asante kwa kunisaidia."

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia ukweli, kama Wakhungu alivyonieleza: kwamba hizi si za redio, kwamba joto ndilo adui yao, na kwamba baba mtoto ana kazi kesho na sisi tumemchomea vifaa. Kukhu aliketi kwenye kitanda changu. "Woi, tumemharibia mkwe wangu," akasema, akalia kidogo. Nami niliona aibu, maana ushauri wa kuzigeuza ulikuwa wangu.

Babu hakuamka tena. Wakhungu alimtia kwenye ndoo ya mchanga, mbali na nyumba, kwa sababu betri iliyovimba inaweza kushika moto. Kijana naye, alipopoa, alikubali chaji.

Jumamosi tulienda Korompoi watu watatu. Mimi nilienda kwa sababu Melvin, msaidizi wa Wakhungu, alikuwa mgonjwa. Kukhu alienda kwa sababu alikataa katakata kubaki. Aliketi nje ameelekea barabarani, thermosi ya uji miguuni. Mlinzi Mmaasai akamsalimia, "Sopa!" Yeye akajibu, "Bwana asifiwe." Wakaelewana.

Kijana alifanya kazi vizuri sana. Tulipanda kwenye jukwaa letu la mbao, tukainua ubao mmoja baada ya mwingine, na skrubu zikaingia bila shida. Tukafika ubao wa mwisho. Skrubu ya pili ilipoingia, Kijana akatoa mlio mmoja mnyonge na kunyamaza.

Wakhungu akaiachia drili, akachomoa bisibisi mfukoni, akaanza kuzungusha kwa mkono. Mimi nilikuwa nimeshikilia upande wa pili, na Mungu hakunipa urefu.

"Mama Jackie, shikilia!"

"Nimeshikilia!"

"Inashuka!"

"Si naona!"

Jipsam ikianguka ni vipande tu, na ubao mwingine hatukuwa nao. Hapo ndipo Kukhu alipoingia. Alikuwa amejifunika leso mpaka machoni na kumpa mkwewe mgongo, akija kinyumenyume kwa kufuata kelele zetu. Akapapasa jukwaa, akapanda, akaupokea ubao kwa kichwa. Huyu ni mtu aliyebeba kuni na maji tangu utotoni. Ubao ukatulia tuli. Mikono yake akaiweka kiunoni.

"Mama Jackie," akasema, "mwambie baba mtoto afunge polepole. Shingo niko nayo."

"Mama Jackie, mwambie Mama asisonge."

Nilikuwa katikati yao, jasho linaniingia machoni. "Ambianeni wenyewe!" nikafoka. "Nimechoka kuwa simu!"

Bisibisi ikalia kwi, kwi. Kisha Kukhu akasema, "Ukuta, hii kona bado inacheza."

"Ukuta," Wakhungu akajibu, "mwambie Mama nakuja huko sasa hivi."

Wakaendelea hivyo mpaka mwisho, na nakiri ukuta ulikuwa mjumbe bora kuliko mimi.

Tulikuwa ndio tumeshuka jukwaani gari la Mzee Kinyanjui liliposimama nje. Aliingia, akamtazama Kukhu na leso yake, asiulize kitu. Akamulika tochi kwenye viungo. Akagongagonga kwa fimbo. Akarudi kwenye ile kona, akakaa sana.

"Hii ya mwisho umefunga na mkono?"

"Ndiyo, Mzee. Betri ilikufa."

"Na hukunipigia uniambie nikuje wiki ijayo."

"Hapana, Mzee."

Kinyanjui akazima tochi. "Jumatatu uanze hiyo nyumba ya pili."

Wakhungu aliruka. Sijui alikusudia kumshika nani, lakini mkono alioukamata na kuutikisa kwa nguvu zake zote ulikuwa wa Kukhu. Leso ilikuwa imemwangukia mabegani. Wakatazamana. Nilingoja Kukhu auvute mkono wake. Hakuuvuta. Aliushika wa mkwewe kwa mikono yote miwili, akasema, bila ukuta na bila mimi, "Pole, mwanangu."

Mimi niligeukia dirisha, nikatazama ng'ombe waliokuwa wakipita. Watu wa Bungoma wakiniuliza, sikuona kitu.