Ukuta Aliousiriba Mama

Juzi nilisimama katika duka la rangi mjini Lindi, nikifunua kadi ya rangi za ukutani mpaka nikachoka. Nilitaka sebule yangu mpya iwe na rangi ya udongo, tena ikwaruze kidogo mkononi, siyo plasta laini kama sahani. Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye subira, alinionyesha za udongo karibu zote. Kila moja niliikataa. Mwishowe akasema, "Kama unao mfano, niletee hata kibonge, nikuchanganyie."

Mfano ulikuwepo Mchinga, nyumbani kwa bibi, ukutani mwa chumba cha nyuma.

Wewe uliyekulia nyumba ya udongo utanielewa. Kila mwaka kabla ya mvua wanawake wa kwetu walisiriba kuta upya. Sisi watoto tulichota maji na kukanyaga udongo mpaka miguu ikafa ganzi, huku muhogo wa nazi ukichemka uani. Rangi ilichaguliwa kwa mabishano, utadhani wanachagua kanga za harusi. Udongo mwekundu ulitoka chini ya mikorosho, mweupe ulitoka bondeni. Huyu alitaka jivu litiwe, yule hataki kulisikia. Kila mchanganyiko ulipakwa ukutani kiasi cha kiganja, ukaachwa ukauke kwanza, maana bibi alikuwa akisema udongo mbichi ni mwongo.

Mama alichagua wa kwake: mwekundu wenye jivu kidogo, ambao ukikauka unafanana na ganda la ndani la korosho iliyobanikwa. Aliusiriba ukuta mmoja wa chumba chetu kwa vidole alivyovitanua, nusu duara juu ya nusu duara. Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, akafariki.

Bibi hakuruhusu mtu auguse. Kwake, alama za mkono wa marehemu hazifutwi na mkono mwingine. Huachwa zidondoke zenyewe. Basi kila mwaka nyumba nzima ilipata udongo mpya, ukuta ule ukabaki vilevile. Koroboi ikiwashwa jioni, vivuli vilijaa kwenye ile mifereji na kuchezacheza, nami niliuona mkono wa mama ukiendelea na kazi. Niliogopa, na sikutaka woga ule uishe. Nilikuwa naingiza vidole vyangu katika alama za vidole vyake, nasinzia hivyohivyo. Sura yake niliisahau mapema, na picha hatukuwa nayo. Mkono ndio niliobaki nao.

Basi nilipotoka dukani nikampigia simu mama mdogo, mdogo wake mama, anayeishi pale tangu bibi afariki, nikamwambia nakuja. Nilimkuta mlangoni, udongo umemjaa kwenye kucha.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenu. Umekuta nyumba imeshaoga."

Kwetu mgeni anayependwa husiribiwa nyumba, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba siku hizi ni mgeni. Nikapita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma. Ukuta ulikuwa mwekundu, bado umelowa, laini kuliko kuta zote.

"Huo ndio nilioanza nao," alisema nyuma yangu, kwa fahari. "Ulikuwa umebanduka vibaya. Nikasema, mtoto wa dada asije akakuta ukuta wa mama yake umechakaa. Bibi yako angenigombeza, lakini ndiyo hivyo, hayupo."

Ningemlaumu vipi mtu aliyejinyima usingizi kwa ajili yangu? Nikamwambia umependeza. Akacheka kwa furaha, akaenda jikoni kugeuza samaki.

Nilipapasa pale nilipokuwa nikilala, chini kidogo ya dirisha, nikakwangua kwa ukucha. Udongo mpya na wa zamani ulitoka pamoja. Maji yalikwisha kuufanya kitu kimoja.

Nyumba za namna ile zinakwisha. Kila mtu anataka tofali na bati, na mimi ni mmojawapo, sitajifanya. Lakini nilipokuwa mdogo watu walikuja kunipa pole ya msiba nisioujua, wakanishika kichwa, wakaondoka. Mimi nilifiwa siku ile, samaki wakikaangwa jikoni, na hapakuwa na mtu wa kunipa pole.