Mstari Ambao Hatukuupokea

Siku ile baba alivaa koti lake la ibada, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Nilikuwa nimewaalika yeye na mama washuke kutoka kijijini kwetu Nkoaranga, mlimani Meru, Jumapili alasiri, wamsikilize mwajiri wangu akisoma shairi. Mwajiri wangu alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Arusha kama baba yake, fundi wa kutengeneza cherehani. Mimi nilikaa kaunta nikiuza nyuzi na sindano. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mitumba ilikuwa imejaa mpaka soko la Tengeru, mafundi wa nguo wanafunga vibanda, na cherehani zililetwa kwetu kuuzwa, si kutengenezwa tena. Mwanawe aliyekuwa Kanada alipiga simu kila wiki: funga duka, njoo. Mzee alikuwa amefiwa na mkewe mwaka uliotangulia, kaburi liko hapahapa mjini, na jibu alikuwa hajatoa.

"Nitasoma kwanza," aliniambia. "Nikiona bado wako wa kunipokea, nabaki. Kama hawako, nakaa hapa namsomea nani?"

Nilitaka abaki. Sitajifanya malaika: nilimpenda yule mzee, na pia duka likifungwa ningerudi mlimani kuchuma kahawa.

Mikusanyiko ya kusoma mashairi ilikuwa kila mwezi, katika ukumbi wa jumuiya ya Wahindi. Maiki ilikuwa ya yeyote, na mimi niliandika majina ya wanaotaka kupanda jukwaani. Msichana aliimba wimbo wa sinema, bibi akaleta wimbo wa dini wa Kigujarati, kisha yakaja mashairi. Mara yangu ya kwanza nilidhani watu wanataka kupigana. Mzee anasoma mstari mmoja, anatulia, ukumbi unaupokea, unaurudia kwa sauti, watu wazima wanarusha mikono na kupaza "Wah! Wah!" Ndipo anapotoa mstari wa pili. Mtu akisoma na watu wakanyamaza, ameambiwa ashuke. Kimya, kwao, ni tusi.

Lakini video na televisheni zilikuwa zimewafungia watu majumbani, na waliozoea kumpokea mzee walikuwa wamekwenda, mmoja kaburini, mwingine Uingereza. Ndipo akasema safari hii ataandika kwa Kiswahili, nami nilete watu wa kwetu.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. "Huko hakuna kelele za vilabuni?" aliniuliza.

"Hakuna, baba. Ni watu wa adabu. Wanasikiliza kimya."

Nilijua nadanganya. Nilijipa moyo kwamba nitawaeleza njiani, lakini njiani baba alilalamikia bei ya kahawa mpaka tukaingia mjini, nami, mwoga, nikashukuru. Ukumbini wakakalishwa mstari wa mbele, wao na wanakwaya sita waliofuatana nao. Mimi nilikaa pembeni mwa baba, orodha magotini.

Vijana waliimba, wakapigiwa makofi. Kisha mzee akapanda. Akakunjua karatasi.

*Mvua yashuka Meruni, nani atakwambia sasa?*

Akatulia.

Watu wa kwetu walitulia pia. Walikaa wima, mikono magotini, macho kwake, kama wanavyokaa likisomwa Neno. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Wazee wachache wa Kihindi waliokuwepo waligeuka wakatutazama, wakingoja. Shairi lilikuwa la lugha yetu, kwa hiyo walituachia heshima ya kuanza. Kila mtu mle ndani alikuwa na adabu, na adabu ile ilikuwa inamnyonga mzee wa watu.

Akarudia mstari uleule. Sauti ilikuwa imeshuka.

Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo. "Wah" moja tu ingetosha. Nikamtazama baba, koti, vifungo vyote vimefungwa, nikaona atakavyogeuka kuniangalia nikipiga ukelele mbele ya wanakwaya. Nikawaza pia watasema nambembeleza tajiri kwa ajili ya mshahara. Nikainamisha uso kwenye orodha. Niliona aibu wakati uleule, na bado sikufungua mdomo.

Mzee alisoma mstari wa pili haraka, kama mtu anayemaliza dawa chungu:

*Nguo zako ziko nje, nani atazikimbilia sasa?*

Kisha akakunja karatasi na kushuka. Beti nyingine zilibaki mfukoni mwake.

"Mbona fupi hivyo?" mama alininong'oneza.

Nililala kwa wazazi usiku ule. Asubuhi, nikiwa nakunywa chai, manyunyu yalianza. Mama alitoka mbio kuanua nguo, nami nikamsikia huko kwenye kamba akisema peke yake, polepole, mistari yote miwili, bila kukosea hata neno. Aliporudi ndani uso ulikuwa umelowa, na haikuwa mvua tu. "Yule mzee alimpenda mke wake," alisema.

Nilishuka mlima mbiombio. Nilimkuta dukani anapaka cherehani mafuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nikamweleza yote kwa pumzi moja: kwamba kwetu mtu akiguswa hunyamaza, kwamba kile kimya kilikuwa heshima, kwamba mama yangu ameshalijua shairi kwa moyo. Aliweka chini kopo la mafuta. Akaniomba nimwonyeshe mama alivyolisema. Nikalisema, nikituliza sauti pale mama alipotuliza. Alifumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimwona anatabasamu kweli.

"Basi utabaki?" nikamuuliza.

"Nimeshampigia mwanangu jana," alisema. "Nimemwambia anunue tiketi."

"Mpigie tena, mzee. Wao hawakujua desturi yenu."

Alifumbua macho akanitazama, bila hasira, na afadhali angekasirika.

"Wao hawakujua," alisema. "Wewe ulijua."