Naeku Alivyoikamua Seva Mara Mbili

Naeku alikulia kwenye boma la ng'ombe, magharibi ya Mlima Meru, akasomea kompyuta, akaja kuwa fundi wangu hapa Tengeru, ninapofungasha maharage mabichi ya kupeleka Ulaya. Sifa huwa simwagi ovyo, lakini huyu binti namshukuru mpaka leo.

Mwaka 2005 seva yetu, ile kompyuta ambayo zote za ofisini huitegemea, ilikuwa inaganda kila jioni makarani wote wakiingiza mizigo kwa pamoja. Makaratasi yakichelewa, ndege inaondoka bila mzigo. Mnunuzi wangu mkubwa alishanionya: mkichelewa tena, basi.

Wakaja wauzaji wawili. Siku hizo kampuni mbili za Marekani zilikuwa zinagombea nani ana prosesa ya seva, yaani ubongo wake, iliyo kali zaidi. Ludovick, tunayesali naye kanisa moja, alileta seva yenye prosesa ya kampuni moja. Agnela akaleta ya mpinzani. Karani mmoja akazijaribu. Ya Ludovick ikaiacha ya Agnela mbali.

“Mzee, mwendo umeuona!” Ludovick akaninyooshea mkono. “Hiyo ya dada ni ya kuchapia barua.”

Mkono wangu nao ulishaanza kunyanyuka. Naeku akaingilia: “Samahani mzee. Ng'ombe wa maziwa unamnunua kwa kumkamua mara moja?”

Nikamwelewa. Muuzaji mjanja hamkamui ng'ombe tangu jana, ili asubuhi ukute kiwele kimejaa. Ndiyo maana huku mtu husubiri akamuliwe tena jioni.

“Sasa jioni ya seva ni saa ngapi?” Ludovick akacheka.

“Ni makarani wote kwa pamoja, kaka.”

Tukawaita wote, wakaingiza kazi ya kweli kwenye kila seva. Ya Ludovick ikaanza kusuasua, feni inavuma kama mashine ya kusaga. Ya Agnela ikatafuna kazi kimya kimya.

“Kaka, kiwele kimekauka?” Agnela akamuuliza.

Nikanunua yake, baada ya kumbana bei mpaka akaniita mnyonyaji. Mizigo ikawa inawahi ndege, na mnunuzi yule ninaye bado. Ludovick? Mwezi uliofuata alikuwa anauza prosesa za kampuni zote mbili. Huyo ndiye mfanyabiashara.

Naeku nilimchagulia ng'ombe wa maziwa zizini kwangu, awe wake. Akamzunguka, akainama kutazama kiwele.

“Ahsante sana, mzee. Mungu akubariki. Leo amekamuliwa?”

“Asubuhi.”

“Basi nitamchukua jioni.”

Nikaagiza chai, tukasubiri.