Sura Iliyolowa Mtoni

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa darasa la pili katika shule ya misheni juu ya mlima wa Manga. Sikuwa nimeolewa, jambo ambalo majirani walinikumbusha kila walipoishiwa na mazungumzo. Nyumbani tulisema Ekegusii, lugha yetu Wakisii. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha sokoni na cha wageni kutoka ziwani, na mimi nilikisoma vizuri kuliko nilivyokisema. Nilikipenda hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba hapakuwa na cha kusoma ila Biblia, kitabu cha nyimbo, na vitabu vya wanafunzi wangu ambavyo nilikwisha kuvikariri vyote.

Chama chetu kilianzia kwa fundi wa nguo. Duka lake lilikuwa sokoni, chini ya mteremko. Mwezi wa kwanza nilishuka kwenda kupimwa gauni, nikamkuta amekunja mikono na mashine yake imenyamaza, na mbele yake karani wa ghala la pareto anamsomea kitabu. Karani huyo alikuwa Mjaluo aliyeletwa kwetu na kazi, mtu mpole mwenye sauti ya kuhubiri. Nilisimama mlangoni hadi ukurasa ukaisha. Aliponiona akakifunga kitabu haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

"Endelea," nikamwambia. "Gauni litangoja."

Kitabu hakikuwa na jalada. Kurasa za kwanza zilikuwa zimeng'oka, kwa hiyo hatukuwahi kulijua jina lake wala jina la aliyekitunga. Kilikuwa hadithi ya msichana wa mji mmoja wa pwani ambaye kaka yake alifungwa kwa kosa la mtu mwingine, naye akaondoka kwa miguu kwenda kumtafuta. Siku ile tulisoma sura nzima. Tulipoachana tukakubaliana kukutana kila Jumapili alasiri. Jumamosi haikuwezekana kwa sababu mimi ni Msabato, na Jumapili asubuhi haikuwezekana kwa sababu fundi ni Mkatoliki. Jumapili iliyofuata fundi alimleta mhudumu wa zahanati, kijana mrefu aliyefunga vidonda vya nusu ya tarafa. Tukawa wanne.

Wa tano alijileta mwenyewe. Alikuwa mjane aliyeuza ndizi nje ya duka la fundi. Jumapili ya tatu aliingia na kikapu chake, akaketi sakafuni, akasema, "Someni. Mimi sijui kusoma, lakini masikio yangu hayana ugonjwa."

Karani akasoma: "Baba akanyoa ndevu zake, akatoka."

"Ngoja," mjane akasema. "Mama gani huyo mwenye ndevu?"

Tulicheka hadi fundi akafuta machozi kwa kitambaa cha suruali ya mtu. Kwetu sisi, *baba* ni mama. Baba ni *tata*. Mjane hakucheka. Alitutazama mmoja mmoja mpaka tukanyamaza, na mimi nikaona haya. Tangu siku hiyo karani alisoma ukurasa kwa Kiswahili, nami nikaurudia kwa Ekegusii. Ilitupunguzia mwendo, lakini hapo ndipo nilipojifunza kusoma kweli. Ukitakiwa kumweleza mtu sentensi kwa lugha ya mama yake, huwezi kujifanya umeielewa.

Habari zilipanda mlima kabla yangu. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa letu lilikuwa na neno moja juu ya hadithi za kubuni: jambo ambalo halikutokea, ukilisimulia, umesema uongo. Mwezi wa pili niliitwa mbele ya baraza. Walikuwa wanaume saba kwenye viti, baba akiwa wa pembeni, mimi nimesimama.

"Huyo msichana wa kitabuni," mwenyekiti akaniuliza, "aliishi?"

"Sijui, mzee. Nadhani hakuishi."

"Basi unawasomea watu uongo siku za Jumapili."

"Hakuna anayedanganywa. Sote tunajua ni hadithi. Hata mwana mpotevu, mzee, hatuambiwi jina lake wala kijiji chake."

Mmoja akakohoa. Mwenyekiti akasema kwamba nimekuwa na ulimi. Waliniondoa katika kufundisha watoto wa shule ya Sabato kwa robo nzima ya mwaka, nami nikaambiwa niketi nyuma. Wakaniuliza kama nitaendelea kwenda kwa fundi. Nikasema nitaendelea.

Jumapili iliyofuata nilivaa viatu nikijua ananitazama. Alikuwa ameketi kizingitini ananoa jembe. Nilipompita, alisema bila kuinua kichwa, "Ukirudi pitia njia ya juu. Ile ya chini inateleza."

Hilo ndilo neno pekee alilowahi kulisema juu ya jambo lile. Nilishuka mteremko nikilia, na nikiharakisha.

Mwezi wa nne karani alikuja na uso mzito. Alikuwa amehamishiwa Kisumu. Zaidi ya hapo, kitabu hakikuwa chake bali cha shemeji yake, ambaye alikuwa ameandika barua akikitaka. Tulikuwa tumebaki na Jumapili nne, na kitabu tulikuwa tumekimaliza mara moja tu. Nasema mara moja tu kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuamua kukirudia.

"Tutatafuta kingine," karani akasema.

"Wapi?" fundi akauliza.

Kisha mjane akauliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Si mnajua kuandika nyie?"

Ndivyo ilivyokuwa. Fundi alikata uzi wa kitabu kwa wembe, polepole, akaapa kwa karani kwamba atakishona upya kiwe kizima kuliko kilivyokuja. Sura zilikuwa kumi na sita, sisi wenye kuandika wanne. Kila mmoja akachukua nne. Nilinunua madaftari na wino wa unga. Kwa majuma manne niliandika kabla ya kengele ya shule na baada ya kengele ya shule, kidole cha kati kikaota sugu. Karani aliandika kazini na akakemewa. Fundi, ambaye mwandiko wake ulikuwa kama nyayo za kuku, alirudia sura yake ya kwanza mara tatu. Mjane alitukorogea wino, na kila Jumapili alituamuru kila mmoja amsomee alichoandika, ili ahakikishe hatukuruka kitu. Mara mbili alitukamata.

Karani aliondoka na kitabu chake kikiwa kimeshonwa kwa uzi wa koti. Alituachia daftari lake, akatushika mkono mmoja mmoja, akapanda lori la pareto. Madaftari yote tulikuwa tuyakusanye Jumapili iliyofuata.

Siku ile mhudumu wa zahanati alikuja amelowa mpaka kifuani. Mvua za masika zilikuwa zimejaza mto, naye alikuwa ametoka ng'ambo kumtibu mtoto. Mkondo ulimwangusha. Aliushika mkoba wa dawa, daftari likaponyoka. Alilikimbilia na kulipata limenasa kwenye matete. Sura tatu zilisomeka kwa taabu. Ya nne, sura ya kumi na moja, ilikuwa maji ya bluu tu.

"Nisameheni," alisema.

Sura ya kumi na moja ndiyo ambamo msichana anafika kwenye lango la gereza. Bila hiyo, hadithi ilikuwa daraja lililokatika katikati. Niliahidi kumwandikia karani, lakini tulijua kitabu kimekwisha kwenda kwa shemeji, huko mbali kando ya ziwa.

"Andikeni," mjane akasema.

"Tuandike nini, mama?" nikamuuliza.

"Nitasema. Wewe andika."

Fundi hakuamini. Alitaka tumjaribu kwanza kwa sura tuliyokuwa nayo. Akafungua sura ya tano, mjane akafumba macho na kuisimulia kwa Ekegusii, nami nikiifuatisha kwa kidole kwenye daftari. Maneno ya kila mtu yalikuwa pale pale, kwa mpangilio ule ule. Alipokosea mahali, nilifurahi kumkamata. Nikatazama vizuri, nikaona sentensi ya daftari haileti maana: aliyekosea ni fundi alipokuwa akinakili. Fundi akafunga daftari taratibu.

Tukaandika kwa Jumapili mbili. Mjane alisema kwa Ekegusii, mimi nikageuza kwa Kiswahili, mhudumu akaandika, kwa sababu alisisitiza aandike yeye. Mahali pamoja sisi wawili tulikumbuka vingine, lakini baada ya jaribio la sura ya tano tulimwamini yeye kuliko sisi. Tulipomaliza, fundi alizishona sura zote pamoja kwa mashine, akatia jalada la kitambaa cha kaki. Nimeshika vitabu vingi tangu wakati ule. Hakuna kilichonipa fahari kama kile.

Mwezi wa saba barua ya karani ikafika, nene. Alikuwa amesafiri hadi kwa shemeji yake, akainakili sura ya kumi na moja kwa mwandiko wake mzuri wa kiofisi. Nilifurahi, nikaisoma njiani nikishuka. Kisha nikasimama.

Katika barua ile, msichana anafika langoni, anapiga magoti, analia, anambusu askari mikono hadi askari anamhurumia na kumfungulia. Katika sura yetu, msichana anafika, anaketi chini mbele ya lango, anafungua kifurushi chake na kula chakula chake chote, polepole, askari akimtazama. Ndipo anaposimama na kusema jina la kaka yake.

Niliwasomea zote mbili. Fundi akamgeukia mjane, bila ubaya. "Mama, hapa ulisahau."

"Sikusahau. Nilisikia vizuri kwamba alipiga magoti. Nilikataa."

"Huwezi kukataa! Si hadithi yako."

Mjane alipanga ndizi zake kikapuni kwa muda. Sote tulijua mume wake alifia Kisumu wakati wa vita. Nilidhani ni ugonjwa.

"Mume wangu alifungwa," alisema. "Ulikuwa ugomvi wa mpaka wa shamba, na aliyempiga mtu alikuwa ndugu yake, siyo yeye. Nilikwenda kwa miguu mara tatu. Mara ya kwanza nililia, askari akaniambia rudi kesho. Mara ya pili nililia, akaniambia hivyo hivyo. Mara ya tatu sikuwa na machozi tena, nilikuwa na njaa. Nikaketi nikala. Askari alipoona ninakula, alijua siondoki. Akafungua. Nilimwona mume wangu siku moja kabla hajafa. Huyo aliyeandika kitabu hajawahi kwenda kwenye lango lile. Mimi nimekwenda."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mhudumu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilitaka kumshika mjane mkono, nikaogopa angeudhika.

Fundi aliinuka, akachukua wembe wake, akafungua mshono wa kitabu mahali pale. Akaweka sura ya karani ndani, nyuma ya ile ya mjane, akaketi kwenye mashine.

"Zote mbili," alisema. "Ya mama itangulie."

Jumapili hiyo hiyo mjane aliniambia nimfundishe herufi. Alisema hataki tena kutegemea midomo ya watu, hata midomo mizuri. Alikuwa mwanafunzi mgumu. Alikasirikia herufi zinazofanana, na alinilaumu mimi kana kwamba nimeziunda. Lakini alishika. Alifanya mazoezi kwa kijiti kwenye vumbi, wateja wakimngoja. Kufikia mwezi wa kumi na moja alisoma ukurasa mzima wa kitabu chetu, jasho likimtoka, kwa muda ambao mtu angeweza kwenda kisimani na kurudi. Fundi alipojaribu kumsaidia neno moja, alimwinulia mkono kama askari wa barabarani.

Robo yangu ya adhabu ilikuwa imekwisha zamani. Nilirudishiwa watoto wa Sabato bila maneno, na nikawafundisha kama kawaida. Hakuna aliyeniuliza tena kuhusu Jumapili, wala mimi sikueleza.

Mwezi wa kumi na mbili ilikuwa zamu yangu kuhamishwa. Shule mpya ilikuwa Nyamarambe, upande wa pili kabisa wa wilaya, mahali ambapo sikujua mtu. Katika mkutano wangu wa mwisho niliomba nipewe kitabu, hata kwa mwaka mmoja tu. Walitazamana.

"Hapana, mwalimu," mjane akasema. "Kitabu ni cha chama, na chama kiko hapa. Wewe una mikono."

Iliniuma. Nilipanda mlima nimenuna, na ilinichukua siku kadhaa kukubali kwamba alisema kweli.

Nilifika Nyamarambe na sanduku moja la mbao na gazeti la Kiswahili la majuma mawili yaliyopita, nililopewa na utingo wa basi. Jumapili ya pili nilimwomba mwalimu mkuu ufunguo wa darasa.

"Kwa ibada?" akauliza.

"Kwa kusoma."

Alinipa, akinitazama kwa shaka. Walikuja watu watatu: mama mmoja aliyekuwa anafuma kikapu, mwenye duka la vibiriti, na mzee aliyedhani ninagawa dawa. Nikamwambia sina dawa. Akafikiri, akasema kwa kuwa amekwisha kuja ataketi. Nikafungua gazeti ukurasa wa kwanza, nikaanza kuwasomea.