Ukuta wa Bwana Calvert

Wilf Calvert hakupandisha sauti siku ile, na hilo ndilo lililomtisha Ilze zaidi. Alisimama mlangoni kofia mkononi, matope hadi magotini, akasema, "Mama, mbwa wako ameruka ukuta, kaingia kwa kondoo wangu. Leo hajauma. Mwezi wa nne watakuwa na watoto. Nikimkuta tena humo nitampiga risasi, na sheria iko upande wangu. Nimekuja kukwambia mapema tusije tukalaumiana."

Ilze akamkaribisha chai. Akakataa. Mtu wa mabonde ya Yorkshire, huko Uingereza, akikataa chai, ujue mambo yameharibika.

Alipoondoka, Ilze alikaa sakafuni na mbwa wake mapajani, akalia. Dille alikuwa spanieli jike wa miaka miwili, masikio marefu, madoa ya kahawia, na hakuwa na habari yoyote. Alimlamba Ilze machozi, akaenda kutafuta mpira.

Kilichomuuma Ilze ni kwamba kuruka kule alimfundisha yeye mwenyewe. Alikuja kutoka Latvia kufanya kazi kwenye kiwanda cha jibini, na kwa miaka saba watu wa bonde lile walimjua kama yule wa kiwandani, basi. Si watu wabaya. Wanakusalimia, wanalalamika mvua, wanaenda zao. Halafu akampata Dille, akajiunga na mbio za vizuizi za mbwa, kila Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa kanisa. Kule mambo yakageuka. Mbwa anaruka vijiti, anapita handaki la turubai, anapanda bembea ya ubao, na mwenyewe anakimbia naye mikono ikipaa huku na huku, na watu wazima wenye heshima zao wanapiga vigelegele. Wakaanza kumwita Mama Dille. Wakamwekea kikombe chake kabatini. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, na kikombe tu kilimfanya atembee hadi nyumbani akitabasamu peke yake. Sasa Dille alikuwa amejua kwamba duniani hakuna kitu kisichorukika, na ukuta wa mawe wa Bwana Calvert ulikuwa kizuizi kama vingine.

Mwalimu wa mbio akampeleka kwa Doreen Alderson, bibi wa miaka sabini na mitatu aliyefundisha mbwa wa wawindaji maisha yake yote. Nyonga yake moja ilikuwa ya chuma, na maneno aliyatoa kwa ubahili.

"Mwambie akae," Doreen akasema siku ya kwanza.

Ilze akapaza sauti, akapunga mikono, akarukaruka kidogo. Dille akaruka zaidi yake.

"Basi, basi, mwanangu. Wewe ndiye unayemtia wazimu. Hapa simama. Ukikimbia, anajua ni mchezo."

"Kwa hiyo niache mbio za ukumbini?" Ilze aliuliza, akikiona akilini kile kikombe chake.

"Nani kakwambia uache? Mbwa anajua ukumbi ni ukumbi na shamba ni shamba. Asiyejua ni wewe."

Wakaanza. Doreen alikuwa na vifuko vya turubai vilivyoshindiliwa, vya ukubwa wa ndege wa kuwindwa. Alirusha kumi. Dille aliamriwa akae atazame. Kifuko kimoja tu aliruhusiwa kukifuata. Tisa vilivyobaki, Ilze alivifuata mwenyewe, kwenye matope, kimoja baada ya kingine. Akiachiwa kila kinachoanguka, Doreen alieleza, atadhani dunia nzima ni yake. Hivyo majira ya baridi yote Ilze alikwenda na kurudi na vifuko kwapani, na mbwa amekaa kifalme akimwangalia.

Siku moja Calvert, ambaye malisho yake yalipakana na shamba la Doreen, alipita nje ya ukuta na pikipiki yake ya magurudumu manne, akasimama.

"Doreen! Huyo wa miguu miwili naona ameshaelewa. Yule mwingine lini?"

"Yule mwingine ni mwalimu msaidizi!" Doreen akajibu. "Pita zako, Wilf, unanitishia wanafunzi."

Ilze akaona haya, kisha akacheka hadi akaangusha vifuko. Lakini alipotazama, Calvert alikuwa hacheki tena. Alikuwa akiupima ule ukuta kwa macho.

Kubwa kuliko yote ilikuwa filimbi. Mlio mmoja mrefu, maana yake kaa hapohapo ulipo, liwe liwalo. Januari Dille alikaa akiwa hatua kumi. Februari alikaa akiwa hatua hamsini, tena ndani ya ua wa Doreen wenye sungura wakipita mbele ya pua yake. Machi akaanza ukaidi: leo anasikia, kesho hasikii. Ilze alikonda. Kiwandani alikosea chumvi mara mbili.

Mwezi wa nne ukafika na wana-kondoo wakajaa upande wa pili wa ukuta. Asubuhi moja Doreen alikuwa ameingia ndani kubandika birika, na Dille yuko mbali, anarudi na kifuko mdomoni. Sungura pori mkubwa akachomoka majanini. Dille akatema kifuko. Sungura akapenya kwenye tundu la ukuta, Dille akapita juu.

Upande wa pili Calvert alikuwepo. Katika msimu ule hutembea na bunduki kwa ajili ya kunguru wanaonyofoa macho ya watoto wa kondoo. Ilze alimwona akiipandisha begani.

Mwili wake wote ulitaka kukimbia. Ulitaka kupiga kelele, kupunga mikono, kuita jina. Akaikaza miguu chini. Mdomo ulikuwa mkavu, filimbi ya kwanza ikatoa upepo tu. Akameza mate, akapuliza tena, moja, ndefu, mpaka pumzi ikamwishia.

Dille akakaa.

Akakaa katikati ya kondoo, ulimi nje, mwili ukimtetemeka kwa hamu, na sungura akatokomea kilimani. Ilze hakumwita, maana angerudi mbio akiwatawanya watoto. Aliukwea ukuta, akavuka shamba lote kwa mwendo wa kawaida, mwendo mrefu kuliko wote aliowahi kwenda, akamvisha kamba. Akaketi kwenye majani yenye maji, akamshukuru Mungu kwa Kilatvia, kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

Calvert alikuja polepole. Alikuwa ameshaifungua bunduki na kutoa risasi, lakini zilimponyoka zikaanguka. Ilze akaziokota, akampa.

"Nilishampiga mmoja," alisema, hamtazami. "Miaka sita sasa. Wa dada yangu, pale ng'ambo ya mto. Kondoo kumi na mmoja walikuwa chini, ningefanyaje? Mpaka leo hatusalimiani." Akazitia risasi mfukoni. "Tangu nije kwako, kila nikitoka na hii bunduki naomba nisimkute huyu."

"Nilidhani unatuchukia," Ilze akasema.

"Wala." Calvert alipiga magoti kwenye matope. Dille akamrukia kifuani akamlamba shavu zima, na mzee akamwacha. "Majira ya baridi yote nilimkataza Doreen asinitajie jina lake. Nilijua nikilijua sitaweza kufyatua."

Akapangusa uso kwa kofia.

"Haya, mama. Niambie. Anaitwa nani?"