Matoka Niliyoyahamisha

Niliondoka nyumbani Saboti kwa sababu ya woga. Afadhali niseme hivyo mapema, msije mkadhani ni ujasiri. Mahindi yangu yalikauka misimu miwili mfululizo, mke wangu akafariki katikati ya shida hizo, na Jumapili moja mchungaji wetu akasoma maneno ya laana juu ya mtu anayesogeza mpaka wa jirani yake. Nilihisi kanisa zima limegeuka kunitazama. Hakuna aliyegeuka.

Kwetu Wakikuyu mpaka wa shamba hupandwa matoka, maua yenye majani marefu mapana na mashina ya chini mfano wa vitunguu. Jua kali haliyaui, na mtu mwenye akili zake hayang'oi. Nilipohamia Saboti nikiwa kijana niliyapanda kati yangu na Wekesa, Mbukusu kutoka Mabanga, nikamweleza mwiko wake. Aliuheshimu kuliko mimi. Miaka mingi baadaye alienda kwao kumuuguza mama yake, akakaa mwaka mzima. Nami nikayahamisha matoka yale, mistari kumi ya mahindi ndani ya shamba lake.

Wekesa aliporudi, mpima ardhi alikuja, na Wafula, mwanawe aliyekuwa akisoma sekondari, alisema, "Baba, shamba letu lilifika kwenye kile kisiki." Wekesa akamzaba kofi mbele ya watu. "Utamwita jirani mwizi? Hayo maua hayasogezwi!" Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Sikusema kitu. Juma lile Wafula aliondoka nyumbani, na hatimaye Wekesa mwenyewe akarudi Mabanga, shamba akawaachia wapangaji.

Mwezi uliopita nikasikia kwamba Wekesa ni mgonjwa na macho yake hayaoni tena. Nikaogopa kwamba atakufa kabla sijamwambia. Kisha nikaogopa zaidi kwamba nitamkuta hai.

Asubuhi na mapema niling'oa itoka moja pamoja na udongo wake, nikalitia kikapuni. Kutoka Kitale nilipata lifti kwa Nafula, mama anayesambaza miche ya kabeji hadi Bungoma kwa pikapu yake.

"Guka, unampelekea nani vitunguu vikubwa hivyo?" akauliza, akiniita babu kwa Kikuyu.

"Ni ua."

"Ua! Ati mzee mzima anapeleka maua Bungoma! Si useme tu umepata mchumba, bana."

Alicheka hadi karibu na Kiminini.

Kiminini alisimama kushusha miche. Nilishuka na kikapu changu nikatazama barabara ya kurudi. Ingekuwa rahisi. Nafula aliponiita nilipanda tena, kwa aibu tu.

Baada ya Kamukuywa mbingu ziligeuka nyeusi na radi ikaanza. Kila mmweso ulionekana kunitafuta mimi. Nilikiweka kikapu chini ya miguu, kana kwamba Mungu haoni chini ya kiti.

Mabanga tulifika mvua ikipungua. "Si ulisema hapa?" Nafula akauliza.

"Nilikosea. Ni Bungoma mjini."

Kwa hiyo nikajikuta Bungoma, mbele ya kikombe cha chai katika hoteli ndogo karibu na soko, nimesema uongo mpya na ushahidi wa ule wa zamani uko mapajani mwangu. Niliomba hivi: "Mungu, kama ni kunihukumu, nihukumu mbele ya Wekesa. Usinihukumu nikiwa peke yangu." Nikachukua pikipiki, nikarudi Mabanga.

Saa saba mchana nilibisha hodi. Aliyefungua alikuwa Wafula, nywele zimeingia mvi. Hakunitambua mimi. Alilitambua lile ua, akasogea kando nipite. Baadaye niliambiwa kwamba alirudi kumtunza baba yake, lakini maneno yao hayakuzidi dawa na chakula.

Wekesa alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. "Nani huyo?"

"Ni Kariuki wa Saboti."

"Baba Njeri! Umekuja kunizika mapema?"

Nilimwekea ua mikononi. Akalipapasa, akatabasamu. "Itoka. Mengine bado yako mahali pake?"

"Yako mahali nilipoyahamishia," nikasema, kisha nikamwambia yote.

Tabasamu lilimtoka polepole. Nilingoja laana.

"Mwambie Wafula," akasema hatimaye. "Mimi uliniibia ardhi. Yeye ulimwibia baba."

Nikarudia yote, safari hii nikimtazama Wafula.

"Siku ile uliniona nikipigwa," akasema.

"Nilikuona."

"Miaka yote hii nilidhani nilikosea. Ati labda kisiki nilikiota."

Wekesa alinyoosha mkono hewani hadi ukafika usoni pa mwanawe. Akagusa shavu. "Ni hili?"

"Ni lile lingine, papa."

Akalishika lile lingine, na mkono ukabaki hapo. Mimi nilitazama sakafu.

Kisha akanigeukia. "Laana ninayo, Baba Njeri, usifikiri sina. Lakini Mungu hajanituma. Kula, ulale, kesho mwende na Wafula mkayarudishe. Yote. Usiniletee moja kwenye kikapu."

Tulirudi Saboti kesho yake. Wafula hakuzungumza nami njia nzima, wala sikumdai neno. Nilikuwa nimeichukulia haki ya Mungu kama radi inayokuja kunimaliza, na huruma yake kama njia ya kuikwepa. Nyumbani kwa Wekesa niliziona zikiingia kwa mlango mmoja, na ile haki ndiyo iliyotangulia. Tangu hapo naomba nikiwa na tumaini, ingawa woga haujaniacha wote.

Shambani, kisiki kilikuwa kimeoza zamani. Wafula alihesabu mistari kuanzia kwenye matoka, kwa kumbukumbu yake, akiingia upande wangu, katikati ya mahindi ya kwanza kunistawia baada ya ukame. Alipofika mstari wa nane alichomeka kijiti. "Kilikuwa hapa."

Nilitazama mistari miwili iliyobaki, imebeba vizuri. Aliyejua ni mimi na Mungu. Ilikuwa kama siku ile ya mpima ardhi.

"Bado," nikasema. "Songa. Mistari miwili tena."

Wafula alinitazama. Akang'oa kijiti, akasonga, akakichomeka upya. Kisha akanipa jembe.

"Chimba wewe, mzee."

Nikachimba.