Sufuria za Msikiti na Samli ya Kisiwa Kizima

Siku chama chetu cha lelemama kiliponichagua kuwa mnunuzi, nilirudi nyumbani na kichwa kikubwa hata nikasahau viatu vyangu kwenye kikao. Nilikuwa bado mwanamke kijana, Mdachi, yaani Mjerumani, yuko bomani kwake hapo kisiwani kwetu Chole, na sisi wanawake wa mtaa wa pwani tulikuwa na jambo moja tu la maana duniani, nalo lilikuwa kuwashinda wanawake wa mtaa wa juu. Wao walikuwa na chama chao cha ngoma, sisi tulikuwa na chetu. Kila baada ya mavuno tulipambana siku moja, uwanja mmoja, kwa kucheza, kwa kuvaa na kwa kulisha watu. Wageni walivuka kutoka Mafia kubwa kuja kutazama nani kapendeza, nani kapika, na nani kamtia mwenzake aibu. Wakishiba walisema ukweli, na ukweli huo ulisemwa mwaka mzima.

Mnunuzi ndiye aliyebeba mzigo. Wachezaji wakikosea hatua, watu husahau. Wali ukipungua, hakuna anayesahau.

Na mnunuzi wa mtaa wa juu alikuwa dada yangu. Tumbo moja, ziwa moja, kitanda kimoja mpaka alipoolewa. Aliolewa huko juu, akaingia chama cha huko, kama ilivyokuwa desturi. Mimi sikutaka kusikia desturi. Nilimwambia ametuuza kwa mwanamume mwenye jino moja la mbele, naye akaniambia jino hilo moja lina akili kuliko kinywa changu chote. Tukanyamaziana. Mama yetu alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo hapakuwa na wa kutukamata masikio. Misimu miwili ya mvua ilipita tukikutana kisimani, kila mtu akitazama mtungi wake. Nilimkosa vibaya sana. Ungeniuliza wakati ule ningekwambia nataka kumshinda, basi. Lakini nilichotaka ni dada yangu, na kumshinda ndiyo njia pekee niliyoiona ya kumfanya anitazame.

Nikaanza kazi kwa vishindo. Niliwagawa wanawake wa chama kwa vikundi: wa mchele, wa ng'ombe, wa kuni, wa tambuu na viungo. Mchele niliagiza mapema kwa watu wa Rufiji, kwa sababu ule wa dukani ulikuwa na mawe ya kutosha kujengea choo. Kuni nilitaka za mikoko, zilizokauka, nikakataa mzigo mzima kutoka Ndagoni kwa kuwa ulitoa moshi mweupe nilipoujaribu. Mkubwa wa chama chetu, bibi mmoja mnene mwenye moyo mzuri na ulimi usiojua kufungwa, alikuwa akija kila asubuhi kuniuliza tumefika wapi. Nilikuwa nikimjibu uongo, kwa sababu alichokijua yeye asubuhi, mtaa wa juu walikijua adhuhuri. Nilimwambia tunapika mihogo. Alisikitika siku tatu.

Sare ndiyo ilikuwa siri kubwa. Nguo ya chama haikuonekana na mtu mpaka siku ya ngoma, maana wapinzani wakiijua wataitungia wimbo wa kuicheka kabla hamjaivaa. Nilikwenda dukani peke yangu, wakati wa jua kali watu wamelala. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi mpole, akanitandikia kanga zake zote. Mama alitufundisha kununua nguo kwa njia yake. Hukutakiwa kutazama maua wala kuuliza bei kwanza. Ulilowesha pindo kwa maji ya chumvi, ukalisugua kwenye kitambaa cheupe, kisha ukalifinya na kulinusa. Rangi ikitoka, ulirudisha. Basi nikalowesha, nikasugua, nikanusa, kanga moja baada ya nyingine, mpaka nikapata moja tu iliyoshika rangi yake: nyekundu, yenye madoa meupe kama punje za mchele. Yule mzee alinitazama muda wote huo akitafuna tambuu na kutabasamu. Nikamwapisha kwa Mungu wake asimwambie mtu. Akaapa upesi sana, nami nikadhani ni uchaji.

Sasa nikawa na muda, na muda kwa mtu kama mimi ni hatari. Nikawaza: wao watapika nini? Watapika pilau. Pilau bila samli ni nini? Ni wali uliofiwa. Siku ya pili nikavuka kwenda Mafia kubwa, nikazunguka mashamba ya minazi yote yenye ng'ombe, kuanzia Miburani kuelekea kaskazini, nikaweka ahadi ya samli yote itakayopatikana mpaka siku ya ngoma. Nililipa kwa mikeka tuliyosuka sisi wenyewe, mikeka mizuri, na wake wa wenye mashamba wakaniona nimetumwa na Mungu. Mmoja aliniuliza samli yote hiyo ya nini. Nikamwambia mume wangu ana baridi yabisi.

Mitungi ikaanza kuja. Ikajaa uvunguni, ikajaa ukumbini, ikapanda hata juu ya kasha la nguo. Mume wangu, mtu mvumilivu, fundi wa kuchonga mitumbwi, alilala wiki nzima na mtungi miguuni. Alikuwa akitoka kwenda kazini ananukia hata paka wa mtaani wanamfuata mpaka pwani. Alilalamika mara moja tu, nikamwambia avumilie kwa ajili ya heshima ya mtaa. Nilikuwa nikiamka ninacheka peke yangu. Akilini nilimwona dada yangu akizunguka na kibakuli, nyumba hadi nyumba, akiomba kijiko cha samli, na kila nyumba inamwambia hakuna.

Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa sufuria.

Nieleze, maana wa siku hizi wana sufuria zao majumbani. Kwetu wakati ule sufuria kubwa za shaba, zile za kulishia umati, zilikuwa za msikiti, na hakuna nyumba iliyokuwa na nyingine. Zilitoka kwa harusi, kwa karamu, na zaidi kwa matanga. Kwa hiyo hakuna aliyeziomba mapema. Kuomba sufuria za msikiti siku nyingi kabla ni kama kusema unajua nani atakufa. Uliziomba siku moja kabla ya kupika, asubuhi, na aliyetangulia kufika aligawana na mwenzake. Ndivyo ilivyokuwa tangu bibi zetu. Nami siku hiyo ilipofika nilikwenda alfajiri, jua halijapanda, nikiwa na wanawake sita wenye nguvu za kubeba.

Mtunza msikiti akatushangaa. Alisema sufuria hazipo tangu mwezi uliopita. Mwanamke mmoja wa mtaa wa juu alikuja akaomba ruhusa ya kuzisugua kwa ajili ya Mungu, maana zilikuwa zimeshika masizi, na nani angemkatalia mtu thawabu? Alizichukua zote, na vifuniko, na miko. Akasema kazi ya kusugua ni ndefu.

Sikuhitaji kuuliza jina. Wale wanawake sita walinitazama, na mimi nikaona mchele wangu, ng'ombe wangu, kuni zangu zisizo na moshi, na wageni wa Mafia nzima wakipewa pilau kutoka vyungu vidogo, kijiko kwa kijiko. Kisha, sijui kwa nini, nikaanza kucheka. Nilicheka njia nzima ya kupanda mtaa wa juu, nimewaacha wenzangu msikitini wakidhani nimerukwa na akili.

Mlangoni kwake kicheko kikakatika. Nilisimama pale muda, ninasikia kuku wake uani. Hodi ni hodi, huwezi kuisema nusu.

"Hodi."

"Hodi nani?"

"Mimi. Shikamoo, dada."

"Marahaba," akasema. "Pita uani. Angalia usikanyage vifuniko."

Uani palikuwa pakiwaka. Sufuria zote zimepangwa kwenye jua, zimesuguliwa kwa mchanga na ndimu mpaka unaona uso wako, kumbe alizisugua kweli. Yeye amekaa katikati yake kwenye kibao, anashona pindo. Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Umekonda."

"Sijakonda."

"Umekonda. Umekuja kwa sufuria?"

"Nimekuja kwa sufuria."

"Na samli ya Mafia nzima iko wapi?"

"Uvunguni kwangu."

"Yote?"

"Yote. Mume wangu anafuatwa na paka."

Aliuma mdomo. Namjua dada yangu, akiuma mdomo vile ni kicheko kinatafuta mlango. Nikataka kusema neno jingine, ndipo macho yangu yalipoangukia nguo aliyokuwa akiishona. Nyekundu, madoa meupe kama punje za mchele. Nilidhani mtu wa chama chetu amemwibia siri ya sare, nikataka kugomba. Kisha nikaona kwenye pindo alama ya chumvi iliyokauka, mahali palipoloweshwa na kusuguliwa.

"Umeinunua wapi hiyo?" nikamwuliza.

"Siri ya chama."

"Ulimwapisha mzee?"

Sindano ikasimama hewani. Alinitazama, akaitazama nguo, akanitazama tena, na nadhani alimwona mama amesimama kati yetu na kibakuli chake cha maji ya chumvi. Dada yangu akaiweka nguo chini taratibu, akajifunika uso, na mabega yakaanza kutikisika. Mimi nilikaa pale pale nilipokuwa, juu ya kifuniko. Tulicheka mpaka mumewe akatoka ndani kuuliza nani kafa, na alipofungua kinywa nikaliona lile jino, nikacheka upya. Ilikuwa imechelewa kubadili nguo, na hata kama isingechelewa tusingeibadili. Tulikubaliana nusu ya sufuria kwa nusu ya samli, na tukakubaliana tusimwambie mtu yeyote neno la sare.

Kesho yake mtaa wa juu waliingia uwanjani kutoka upande wa msikiti, sisi tukaingia kutoka pwani, zumari zinalia pande zote mbili. Kwa kitambo ilikuwa kama tumeweka kioo katikati ya uwanja. Zumari zikanyamaza moja moja. Mkubwa wetu alisimama mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na habari ya kumpa mtu. Kisha makelele yakaanza, wezi nyinyi, hapana wezi ni nyinyi, na mwenye duka akaitwa atoe ushahidi. Akasema kwa upole kwamba wanawake wawili walimwapisha, na yeye hajazoea kuvunja kiapo cha mteja. Akaongeza kwamba nguo ilikuwa nzuri sana, na kwamba amekwisha kuagiza nyingine.

Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Wapiga zumari wakaona bora wapige, na mara hapakuwa na wa kusema nani wa juu na nani wa pwani. Mistari ilichanganyika. Wanawake waliokuwa hawasalimiani tangu usichana wao walijikuta wamepangwa bega kwa bega, na aliyetaka kutoka hakujua atokee wapi. Hakuna aliyetangazwa mshindi mwaka ule. Jioni vyama vyote viwili vilikaa kikao kwa pamoja, jambo ambalo halijapata kutokea, vikakubaliana kwa sauti moja kutuondoa mimi na dada yangu katika ununuzi.

Tulikula sinia moja, yeye na mimi, tumejificha nyuma ya sufuria zile. Pilau ilikuwa nzuri, ina samli ya kutosha. Nikamwambia kwamba kwa hila ya kusugua amenishinda, nakiri, sikujua kwamba ana tamaa ya ushindi kiasi kile.

Alitafuna kwanza, akameza. "Sikuzichukua kwa ajili ya ngoma," akasema. "Nilijua kwa sufuria ungekuja. Kwa kitu kingine usingekuja."

"Mbona hukuja wewe?"

"Mimi ni mkubwa wako. Nije mlangoni kwako nikuamkie mimi? Nilingoja misimu miwili, mwenzangu. Ikabidi nikutafutie sababu ya kupiga hodi."

Nikachukua kipande cha nyama kilichokuwa upande wangu wa sinia, nikakisukuma upande wake.